Damu Iliyofuata ya Sulaiti

Malaba,
20 Februari 1978

Binti yangu Rael,

Yoga, nakusalimu. Huku tu wazima, mimi na mama yako, isipokuwa goti lake la kushoto linalomsumbua akienda sokoni Amagoro. Wewe je, kifua kimepoa? Usiniandikie kwamba uko salama kama bado unakohoa, maana nitasikia tu kwa watu.

Hoteli inakwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Malori ya kahawa yamepanga foleni kutoka kizuizi cha mpakani mpaka karibu na stesheni, na dereva akikwama hapa siku mbili tatu lazima ale. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika waliniambia mpishi wa behewa la chakula hana kazi tena duniani. Sasa njoo uone watu wanavyogombania chapati zangu! Mama Nafula, jirani yangu wa uji na mandazi, analalamika kwamba hata wateja wake wanavuka barabara kuja kula kachumbari yangu. Namwambia ni mazoea. Ndani ya treni inayotikisika ukikata nyanya hovyo, inamrukia bwana mkubwa kwenye suruali.

Lakini kuna jambo. Homa ya matumbo imeingia hapa mpakani. Madereva kadhaa wamelazwa, na mmoja unamjua: Sulaiti, yule mrefu wa Busia mjini anayeendesha lori pamoja na mdogo wake Yahya. Alikuwa anakula kwangu, kisha akaanza kulalamikia kichwa na tumbo, na Yahya akamleta hapo kwenu, hospitali ya misheni. Nenda ukamjulie hali. Mwambie mzee anamngoja.

Ijumaa afisa wa afya alikuja na muuguzi, wakatutoa damu sisi sote tunaopika na kuuza chakula. Nilikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Nikasikia damu inapelekwa maabara yenu, nikamwambia yule muuguzi, "Mikono itakayoipokea niliilea mwenyewe." Akacheka.

Basi ipokee vizuri. Mama yako ametuma njugu, zinakuja na dereva.

Ni mimi,
Baba yako


Busia,
28 Februari 1978

Kwako Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Kifua kimepoa kweli, wala sikudanganyi. Njugu zimefika, na wenzangu wa maabara wamezimaliza kabla sijazionja sawasawa. Mwambie Mama asiwabariki.

Sulaiti nimemwona. Hali yake si nzuri, Baba. Macho yake yalikuwa wazi lakini hakunitambua. Yahya hatoki pale nje ya wodi. Nilimpa salamu zako, akasema, "Mwambie mzee atuombee."

Nikuambie habari njema kidogo. Tumepata mashine mpya, zawadi ya marafiki wa misheni kutoka ng'ambo. Unakumbuka uliniuliza maabara tunafanya nini siku nzima? Kazi kubwa ni kupima majimaji kidogo kidogo bila kukosea. Kumpima mtu homa ya matumbo, tunachukua maji ya damu yake, tunayachanganya na maji ya chumvi nusu kwa nusu, kisha ile nusu tunaipunguza tena nusu, na tena, na tena, mpaka inakuwa nyepesi kabisa. Kila hatua tunatia dawa ya kupimia na kuangalia kama itaganda vipande vipande. Ikiendelea kuganda hata kwenye ile nyepesi, tunamshuku mtu huyo.

Kabla ya mashine tulikuwa tunanyonya kwa mdomo. Usishtuke. Pipeti ni bomba jembamba la kioo lenye alama, unavuta kama mtu anayekunywa soda kwa mrija, majimaji yanapanda mpaka kwenye alama, unaziba kwa kidole. Ukivuta kupita kiasi, umeyaonja. Mwenzangu Milka aliwahi kuyaonja, akalala wodini wiki nyingi. Ndiyo maana mashine ilipofungwa mezani tulipiga vigelegele. Ina sindano inayozama, inanyonya kipimo kile kile, inamimina, inajisafisha, inakwenda kwa mwingine. Bwana Kizito, mkuu wetu, anaipangusa kila asubuhi kama gari jipya.

Damu za Malaba zimeshafika. Zina namba tu, sijui ya nani ni ipi, na ndivyo inavyotakiwa.

Ni mimi,
Binti yako Rael


Malaba,
10 Machi 1978

Rael,

Natumaini u mzima. Mimi sijui niseme ni mzima au la, maana afya ninayo lakini watu wanasema sina.

Jana afisa wa afya alikuja na askari wawili wa utawala, akagongomea karatasi mlangoni kwangu mbele ya wateja. Hoteli imefungwa. Inasema damu yangu ina homa ya matumbo, nisipike, nisiuze, nisiguse chakula cha mtu. Mama Nafula amefungiwa pia, na wengine tisa. Kina mama wa mandazi wameachwa na unga uliokandwa.

Nimepika ndani ya treni kutoka Mombasa mpaka Kampala tangu kabla hujazaliwa. Wakaguzi walikuwa wanapitisha kitambaa cheupe chini ya sufuria zangu, na kitambaa kinatoka cheupe. Leo watoto wananipita mbali kama mtu mwenye ukoma. Nilimwuliza yule afisa, "Nani amesema?" Akajibu, "Maabara ya Busia, mzee. Mashine haina uadui na mtu."

Wewe ulijua? Ulikaa na damu yangu mkononi ukaniandikia habari za pipeti na soda?

Namba yangu kwenye karatasi ni arobaini na mbili. Itafute. Kisha uwaandikie hawa watu kwamba wamekosea. Mama yako hali chakula.

Baba yako


Busia,
13 Machi 1978

Kwako Baba mpendwa,

Barua yako nimeisoma. Pole sana. Mwambie Mama ale, tafadhali, ale kwa ajili yangu.

Sikujua. Naapa kwa jina lako sikujua. Namba kwangu ilikuwa namba.

Baada ya barua yako nimeitafuta, na nimeona kitu ambacho sikupenda. Damu ya Sulaiti ilipimwa siku ile ile, na ilikuwa mbele ya damu za Malaba. Ya Sulaiti ina ugonjwa mkali, iliganda mpaka kwenye tyubu ya mwisho, kile kichupa chenye damu nyepesi kabisa. Iliyofuata ya Sulaiti ni yako. Baada yako ni Mama Nafula, na wote walioonekana wagonjwa wamefuatana hivyo hivyo kwenye safu, kama watu walioshikana mikono. Mwisho wa safu wote ni wazima. Ugonjwa haufuati foleni, Baba. Labda sindano inambeba mtu mmoja na kumtia kwa mwenzake.

Nilimwambia Bwana Kizito. Akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Rael, wageni walioitoa mashine hii wanakuja baada ya Pasaka. Unataka niwapokee na nini? Na unajua watu watasema unamtetea baba yako." Na ni kweli watasema. Hata mimi najiuliza.

Nipe siku chache. Nitaijaribu mashine kwa njia ambayo mtu yeyote ataiona kwa macho yake. Lakini nakuomba mambo mawili. Usimwambie mtu habari hii mpaka nihakikishe. Na usipike. Hata kama unaamini umeonewa, usipike.

Binti yako,
Rael


Malaba,
17 Machi 1978

Binti yangu,

Salamu za kawaida zisamehe leo.

Sulaiti amefariki. Amezikwa jana huko Busia, nadhani umesikia kabla yangu. Leo mchana Yahya alikuja hapa na matanboi wengi, wale wasaidizi wa malori. Alisimama mbele ya hoteli, hakupiga kelele, aliuliza tu, "Mzee, ulimlisha nini ndugu yangu?" Nikamwambia, "Chapati na maharage, na kachumbari, kama kila siku." Akaniangalia. Nikamwambia tena, "Yahya, mashine ile imeharibika. Rael amesema." Ndiyo, nimesema. Mama Nafula alikuwa amelia tangu asubuhi, ningefanyaje? Hapo mmoja wao akarusha jiwe, na mengine yakafuata. Madirisha yote yamekwisha. Yahya mwenyewe hakurusha, lakini hakuwazuia.

Sasa hawa wenzangu wanataka kwenda Amagoro kwa mkuu wa tarafa, na wengine wanasema tuje Busia tuivunje hiyo mashine. Mimi nimewaambia kitu kingine. Nimewaambia Jumatatu nafungua. Nitang'oa ile karatasi, nitawasha jiko, na nitakula mbele yao chakula changu. Nikijificha watasema nimekubali kwamba nimemuua mtu.

Kama unataka kunizuia, kuna njia moja. Andika karatasi yenye mhuri kwamba mimi ni mzima. Wewe mwenyewe umesema ni sindano. Kuandika mistari miwili kunakushinda nini?

Baba yako


Busia,
18 Machi 1978
(kwa mkono wa dereva, apewe mzee Barnabas Ekwaro leo hii)

Baba,

Usifungue. Nakuandikia dereva akiwa amewasha gari, nisamehe mwandiko.

Nimeijaribu mashine. Nilitia rangi nyekundu kwenye tyubu moja, na maji matupu kwenye zilizofuata. Mashine ikanyonya rangi, ikajisafisha kama inavyojisafisha siku zote, ikaenda kwenye maji. Maji yakageuka ya waridi. Iliyofuata, waridi hafifu. Nilikwenda mpaka tyubu ya saba ndipo nikapata maji kama maji. Nikamwita Bwana Kizito. Alizitazama zile tyubu dirishani, moja moja, akazirudisha mezani akatoka. Nikadhani nimefukuzwa.

Asubuhi nimemkuta kazini kabla yetu sote, amekunja mikono ya shati, ameweka mizani mezani. Alikuwa anaiambia mashine imimine maji, anayapima uzito, anaandika, anarudia. Akasema, "Si uchafu peke yake. Inasema imemimina kipimo kizima lakini inapunja. Maji ya chumvi yanapungua, damu inabaki nzito, na kila mtu anaonekana mgonjwa kuliko alivyo." Tumeifungua. Kuna mpira wa kuziba ndani, mdogo kama punje ya hindi, umelika upande mmoja. Bwana Kizito ameifunika mashine kwa shuka, na sasa hivi amekwenda mwenyewe kwa afisa wa afya kumwambia kwamba majibu ya Malaba hayafai.

Kwa hiyo mje wote Jumatano, mtolewe damu upya. Tutapima kwa mkono, si kwa mdomo tena, tumepata vipira vya kunyonyea. Kila mtu atakuwa na pipeti zake, zilizochemshwa na kuokwa, hazigusi damu ya mwingine. Na kati ya mtu na mtu tutaweka tyubu ya maji matupu. Kama chochote kimehama, maji yatatuambia.

Lakini karatasi yenye mhuri siandiki. Nimekuambia mashine imekosea. Sijasema wewe ni mzima. Sijui bado. Ukipika Jumatatu na mtu mmoja akaugua, hakuna kipimo kitakachokusaidia wala mimi.

Gari linaondoka. Nakuomba kama mtoto.

Rael


Malaba,
3 Aprili 1978

Binti yangu Rael,

Yoga sana. Natumaini Pasaka ilikuwa njema kwako. Sisi tulichinja jogoo, mama yako alipika, mimi nikakaa kama mgeni.

Unaona sikufungua ile Jumatatu. Barua yako ilinikuta na nyundo mkononi. Niliisoma mara mbili, nikamkasirikia sana aliyeiandika, kisha nikarudisha nyundo ndani.

Nilifurahi siku tulipokuja. Wenzangu walikuja wakiwa na hasira, lakini yule Bwana Kizito alituamkia mmoja mmoja, akatuonyesha zile tyubu za rangi, akasema, "Mmeonewa na kazi yetu, nisameheni." Mama Nafula aliyekuja na jiwe kwenye kikapu alilitoa akamwekea mezani akasema hana kazi nalo tena. Tulicheka njia nzima kurudi. Nilikutazama ukinitoa damu. Ulipata mshipa mara moja. Ila ile habari ya kutugawia makopo ya kutilia choo ili kipimwe, kumpa binti yako mwenyewe kopo lile! Hiyo nilikuwa sijajiandaa.

Sasa, majibu yameanza kufika. Mama Nafula amefunguliwa Alhamisi, na wale wa mandazi wote. Watu wanakuja kunipa mkono, wanasema, "Mzee, ulisema kweli." Nimenunua vioo vya madirisha.

Karatasi yangu tu ndiyo haijafika. Afisa wa afya anasema hana habari. Nafikiri imechanganyika na nyingine. Iulizie.

Mama yako anasema uje na nguo chafu azifue, hawaamini watu wa Busia.

Ni mimi,
Baba yako


Busia,
12 Aprili 1978

Kwako Baba mpendwa,

Kabla ya yote, mimi ni mzima, na nawaombea nyinyi hivyo hivyo. Mwite Mama akae karibu unaposoma.

Karatasi yako haikuchanganyika. Mimi ndiye niliyeizuia, kwa sababu nilitaka kurudia.

Nilipopima mara ya kwanza yako iliganda. Nikasema nimechoka. Nikachukua pipeti nyingine na damu iliyobaki, ikaganda. Nikamwomba Bwana Kizito apime bila kumwambia ni ya nani, akaniletea akasema, "Huyu ndiye." Tyubu ya maji matupu iliyokaa kati yako na Mama Nafula ilibaki safi kabisa. Damu yake pia haikuganda. Hakuna kilichohama kutoka kwa mtu yeyote, Baba. Ni yako mwenyewe.

Damu peke yake haitoshi kumfunga mtu, ndiyo maana tulipeleka yale makopo Kisumu. Majibu yamerudi leo. Makopo mengine yote hayana kitu. Lako limeota vijidudu vya homa ya matumbo.

Nilitaka iwe mashine. Niliitaka kwa moyo wote, mpaka nikaogopa kwamba ndicho kilichonifanya niitilie shaka. Lakini mashine ilikuwa mbovu kweli, na wewe unavyo kweli, yote mawili.

Sikiliza vizuri sehemu hii. Si uchafu. Wapo watu waliowahi kuugua, labda kidogo tu, wakapona, lakini vijidudu vikabaki vimejificha kwenye mfuko wa nyongo. Mtu haumwi chochote. Ananenepa, anafanya kazi, anazeeka. Kila akienda chooni vinatoka, na hata anayenawa vizuri siku moja haviondoki vyote mkononi. Chakula cha moto hakina neno sana. Kachumbari ndiyo mbaya.

Zipo dawa, na zikishindwa kuna upasuaji wa kuutoa mfuko wenyewe. Nitakuja Jumamosi tuzungumze.

Binti yako,
Rael


Busia,
20 Mei 1978

Baba,

Hii ni barua ya tatu, mbili hazikujibiwa. Nilikuja Jumamosi ile ukaondoka kwa mlango wa nyuma. Nilikuja tena, Mama akaniambia umelala, nami nikaona viatu vyako havipo. Simlaumu Mama.

Mama Nafula ananiambia hutoki. Anasema umeng'oa vioo vipya ukaziba madirisha kwa mbao. Ulimwambia Mama asile katika sahani uliyogusa. Mama amepimwa, Baba, yuko safi, na anahuzunika kula peke yake.

Kama umenikasirikia kwa kusema kweli, nikasirikie, lakini niandikie. Hata mstari mmoja wa matusi.

Ni mimi,
Rael


Malaba,
2 Juni 1978

Binti yangu,

Salamu. Tu hai.

Sikukukasirikia. Nilikuwa na hesabu ninayoifanya kichwani na sikutaka mtu anikute nayo.

Mwaka ule tulipokaa kwenye nyumba za reli Nakuru, mimi niliugua homa kama wiki mbili, nikapona, nikarudi jikoni. Wewe ulikuwa kwa bibi yako. Mwaka uliofuata ndugu yako Okiror akaugua. Tuliambiwa malaria. Alikuwa na tumbo gumu kama ubao, na mwishoni alikuwa anaangalia darini hatambui mtu, vile ulivyoniandikia kuhusu Sulaiti. Alikuwa anapenda nimlishe mimi. Alikuwa anakataa chakula cha mama yako, anataka cha Baba.

Sasa nakuuliza wewe, si kama binti, kama mtu wa maabara. Ilikuwa mkono wangu?

Jingine. Nilikwenda Busia Jumanne, sikukupitia. Nilikwenda kwa Yahya. Nilimkuta anatengeneza gurudumu uani. Nikamwambia, "Yahya, nilikuambia mashine imeharibika. Ilikuwa imeharibika, lakini mimi pia ninao ugonjwa. Huenda ndugu yako aliupata kwangu. Sikujua. Nimekuja ulisikie hili kutoka kinywani mwangu." Alinyanyuka na ile spana. Nikafikiri basi, nimekwisha. Akasema, "Ondoka, mzee." Nikaondoka. Nilipofika barabarani nilisikia akigonga lile gurudumu, akigonga tu.

Nijibu lile swali.

Baba yako


Busia,
5 Juni 1978

Kwako Baba,

Nashukuru umeandika. Nashukuru kupita ninavyoweza kusema.

Kuhusu Okiror. Sijui. Huenda ilikuwa wewe. Huenda ilikuwa maji ya bomba la pale, maana nyumba nyingi zilichota hapo na wengine waliugua. Huenda ilikuwa malaria kweli. Hakuna damu yake iliyobaki ya kupima, na bila hiyo mtu akikupa jibu, la ndiyo au la hapana, anakubahatishia. Mimi sikubahatishii.

Nililia nikiandika hapo juu, kwa hiyo wino umeenea. Alikuwa kaka yangu.

Nimezungumza na daktari wa Kisumu. Anasema walio kama wewe mara nyingi huwa na mawe kwenye nyongo, na penye mawe dawa peke yake haitoshi. Picha ya nyongo ikiyaonyesha, anaweza kukupasua mwezi huu. Ni upasuaji mkubwa na una hatari zake, kwa umri wako asingependa kukuficha. Baada yake utapimwa kila mwezi, na pakiwa safi mara kadhaa mfululizo, unaruhusiwa jikoni. Unaweza pia kukataa, ukakaa bila kupika maisha yako yote, na hakuna atakayekulaumu.

Amua wewe. Nitakuwa nawe kwa lolote.

Binti yako,
Rael


Malaba,
19 Novemba 1978

Binti yangu Rael,

Yoga. Huku wazima sote. Goti la mama yako limepona baada ya dawa uliyoleta, na mimi kovu la upasuaji linawasha tu mvua ikitaka kunyesha.

Sijawahi kukuandikia kuhusu ile barua yako ya Juni. Nilipoifungua nilitaka niikute imeandikwa hapana. Ningeipenda hapana. Lakini ungeniandikia hivyo ningejua unanihurumia, na juzi karatasi yenu ilipofika imeandikwa safi, ningeigeuza geuza nikijiuliza kama hiyo nayo ni huruma. Sikuigeuza. Niliisoma mara moja, nikampa mama yako, akaiweka ndani ya Biblia, akaketi chini akalia kwa sauti mpaka Mama Nafula akaja mbio akidhani kuna msiba.

Afisa wa afya alikuja mwenyewe, bila askari, akatoa misumari iliyobaki mlangoni.

Jana nimewasha jiko. Sikutangaza. Nilinawa kwa ule utaratibu walionifundisha Kisumu, kwa sabuni na brashi mpaka kwenye kiwiko, nikakanda unga, nikapika chapati na maharage na chai. Kachumbari sikukata. Sidhani nitaikata tena. Kisha nikafungua mlango nikakaa.

Watu walipita. Walisalimia vizuri, "Habari, mzee, karibu tena," lakini hawakuingia. Siwalaumu. Mama yako alikula, akala tena hata aliposhiba. Mama Nafula alikula chapati akiwa amesimama mlangoni ili aonekane na watu. Mchana ukapita hivyo.

Kuelekea jioni lori lilisimama, akashuka Yahya. Nilikuwa sijamwona tangu siku ya gurudumu. Alisimama kizingitini, amepungua, amefuga ndevu. Akaangalia masufuria, akaangalia mikono yangu.

"Nani amepika?" akauliza.

"Mimi."

Hakuingia bado, Rael. Lile lori lilikuwa linanguruma nje, tanboi wake akapiga honi, hakugeuka. Nikafikiri atatukana, nikafikiri ataondoka, na lolote ningelipokea. Mwishoni akavuta kiti, kile cha karibu na mlango, akakaa ubavu ubavu kama mtu asiyekaa sana.

"Chai tu, mzee," akasema. "Ichemke sana."

Niliichemsha mpaka ikataka kukauka. Nikamwekea, nikarudi nyuma. Aliipulizia, akaishika kwa mikono miwili, akanywa polepole, akaimaliza yote.

Ni mimi,
Baba yako